Elektrodi yenye nanotyubu inasoma parasetamoli vizuri kwenye bafa, kwenye maji taka inanidanganya. Nakosea wapi?

MpimaMaji

Habari zenu wakuu. Kwa wale wanaoshinda na elektrodi naomba mnisaidie, nina wiki ya tatu nimekwama hapa hapa.

Natengeneza kihisi cha kupima parasetamoli kwenye maji taka. Elektrodi ni ya karboni ya kioo, kipenyo milimita 3, naipaka nanotyubu za karboni (zile za kuta nyingi) miligramu 1 kwa mililita, nimezitawanya kwenye maji na ethanoli yenye Nafion kidogo (polima ya kuzishikilia), nadondosha maikrolita 10 alafu nakausha chini ya taa. Bafa (myeyusho unaoshikilia pH) ni ya fosfeti pH 7, elektrodi ya rejea ni fedha na kloridi ya fedha, skani, yaani kupandisha volti huku nasoma mkondo, ni milivolti 50 kwa sekunde.

Kwenye bafa mambo yalikuwa mazuri mno. Parasetamoli ya maikromola 100 kwenye elektrodi tupu ilinipa kilele cha mkondo cha kama maikroampia 2 pale volti 0.45, nikapaka nanotyubu kikapanda hadi 12 na kikasogea mpaka 0.37. Nikachora kalibresheni kuanzia maikromola 1 hadi 100, mstari umenyooka kabisa, nikapiga ile hesabu ya mchepuko mara tatu gawanya kwa mwinamo nikapata kikomo cha utambuzi (kiasi kidogo kabisa kinachoweza kuonekana) nanomola 5. Nikafurahi kweli.

Sasa nikachukua maji taka, nikachuja, nikaweka mwenyewe parasetamoli maikromola 20, mashine ikanisomea 11. Kilele kimelala, kimevimba upande wa kushoto kama kuna mwenzake kajificha nyuma, na nikirudia skani mara tano kila mara kinashuka. Kesho yake nikipaka tabaka jipya mwinamo wa kalibresheni unakuja mwingine, unapishana hadi theluthi. Na kinachonichanganya zaidi, nikitumia feri/ferosianidi (ioni za chuma za kujaribia elektrodi) kukagua tabaka, kilele KINASHUKA baada ya kupaka, wakati cha parasetamoli kinapanda. Inakuwaje elektrodi hiyo hiyo iwe mbovu na nzuri kwa pamoja?

Nafikiria niongeze chembe za dhahabu juu ya nanotyubu, au nihamie grafini (karatasi ya karboni yenye unene wa atomu moja). Mnashauri nini?

FundiKioo

Mkuu, dhahabu isubiri kwanza. Usipandishe kitu juu ya kitu ambacho hakijatulia.

Nianze na hilo tone lako maana nadhani theluthi yako yote inapotelea hapo. Uso wa elektrodi ni duara la milimita 3. Tone likikaa juu ya duara hilo kama nusu ya mpira, ujazo wake ni kama maikrolita 7 tu. Wewe unaweka 10, tena yenye ethanoli ambayo inapenda kutambaa, kwa hiyo sehemu ya wino wako inamwagikia kwenye plastiki ya pembeni na kila siku inamwagika kivyake. Alafu unakausha chini ya taa. Tone likikauka haraka chembe zinakimbilia ukingoni, unabaki na pete nyeusi pembeni na katikati kweupe, kama alama ya kikombe cha chai mezani. Chukua kioo cha kukuzia uangalie, utaiona.

Mi naweka maikrolita 3, nafunika na bika ya kupindua, naacha ikauke polepole kwa joto la chumba, hata kama ni saa nzima. Na wino wenyewe nauweka kwenye mashine ya mtikisiko wa sauti dakika 15 kila kabla ya kudondosha, sababu nanotyubu zinapendana, ukiziacha zinashikana mafungu na kuzama, tone la asubuhi na la jioni yanakuwa na uzito tofauti.

Na kabla ya hayo yote kuna kusugua. Unga wa alumina wenye punje za maikroni 1, halafu 0.3, halafu 0.05, kila moja na kitambaa chake, unazungusha kama unaandika namba 8, unasuuza vizuri kati ya hatua na hatua. Usiposuuza unabeba punje kubwa kupeleka kwenye kitambaa cha punje ndogo na unaanza kuchora mikwaruzo upya. Ukimaliza uso uwe unarudisha taa ya dari bila ukungu wowote. Ndo unapima elektrodi TUPU kwenye feri/ferosianidi milimola 5 na kloridi ya potasiamu mola 0.1. Kinadharia vilele viwili vinatakiwa viachane milivolti 59, mi nikiona 65 mpaka 80 naendelea, nikiona 120 narudi kwenye kitambaa bila kujadiliana.

Tengeneza elektrodi tano kwa wino mmoja siku moja, pima zote tano kitu kimoja, utajua mkono wako unapishana kiasi gani. Namba hiyo uwe nayo kabla hujaenda popote.

Maikroampia

Fundi kamaliza upande wa mikono. Mi naomba niguse hizo 12 zako ndugu, maana hapo ndipo wengi tunapotea na mimi mwenyewe nilipotea hapo mwaka mzima.

Piga hesabu hii. Parasetamoli inapooksidishwa inatoa elektroni 2 na protoni 2. Chukua mlinganyo wa Randles na Ševčík, ule wa kukadiria kimo cha kilele, weka eneo sentimita za mraba 0.07, maikromola 100, spidi volti 0.05 kwa sekunde, na kasi ya parasetamoli kusambaa majini ambayo ni kama 7 × 10⁻⁶ sentimita za mraba kwa sekunde. Inakuja takriban maikroampia 3. Hizo ndo zote ambazo molekuli zinazosafiri zenyewe kutoka kwenye maji mpaka uso bapa zinaweza kukupa, hata uso uwe mzuri vipi. Elektrodi yako tupu ilitoa 2, inaeleweka, iko karibu na dari. Hizo 9 za ziada zimetoka wapi?

Zimetoka kwenye molekuli ambazo tayari zilikuwa ndani ya tabaka kabla hujaanza skani. Nyingine zimenata kwenye kuta za nanotyubu (pete ya parasetamoli inapenda kulala juu ya karboni ile), nyingine ziko kwenye vijishimo vilivyojaa maji katikati ya nyuzi. Ukianza skani zote zinaungua kwa mkupuo kwa sababu hazina safari. Na kile kilele kusogea kutoka 0.45 kwenda 0.37, watu wengi wanaandika kwamba nanotyubu zimechochea mmenyuko. Inaweza kuwa kweli, lakini tabaka lenye vijishimo linasogeza kilele vile vile hata kama kasi ya kupokea elektroni haijabadilika hata kidogo, kwa sababu tu tabaka la maji ndani ya vijishimo ni jembamba. Kundi la Compton kule Oxford limeandika sana juu ya hili.

Kwa hiyo fanya vipimo viwili, vyote havihitaji pesa wala kifaa kipya. Cha kwanza: tumbukiza elektrodi kwenye parasetamoli kama kawaida, toa, suuza, peleka kwenye bafa safi isiyo na dawa, piga skani. Kilele kikibaki basi dawa imenata. Cha pili: badilisha spidi, 10, 20, 50, 100, 200, chora logi ya mkondo dhidi ya logi ya spidi. Mwinamo ukiwa karibu na 0.5 molekuli zinasafiri kutoka kwenye maji, ukikaribia 1 zilikuwa zimeshafika.

Kunata sio dhambi jamani. Ukijua kwamba inanata unaitumia: unaiacha elektrodi dakika 2 unakoroga, kila mara dakika 2 zile zile, ndo unapima. Shida inakuja pale usipojua, unakaa sekunde 20 leo na sekunde 90 kesho alafu unalaumu tabaka.

Feri/ferosianidi yako: jibu ni Nafion. Ile polima ina vikundi vya salfoneti vyenye chaji hasi, na ioni zote mbili za feri na fero ni hasi pia, zinasukumwa nje. Parasetamoli kwenye pH 7 haina chaji (inaanza kupoteza protoni huko juu karibu na pH 9.5) kwa hiyo inapita. Tabaka lako halina ubovu, umelipima na kitu ambacho lenyewe linakikataa. Ukitaka kitu cha kulinganisha elektrodi tupu tumia rutheni ya heksaamini, ila nayo ni chanya, kwenye Nafion itajikusanya, usiitumie kukadiria eneo la tabaka hilo.

Na la mwisho samahani nitalisema wazi. Hiyo nanomola 5 ifute. Kiwango chako cha chini kabisa ulichowahi kukiona kwa macho ni maikromola 1, mara 200 zaidi. Kama unaamini nanomola 5, tengeneza myeyusho wa nanomola 20 tuonyeshe kilele. Ukikiona, andika.

Mdau_Kimya

Nimesoma nikabaki na swali la mtu wa nje. Kama nanotyubu zinatuletea mkondo mkubwa na vurugu zote hizi, hivi zina faida gani hasa? Si bora kubaki na elektrodi tupu iliyosuguliwa vizuri?

Maikroampia

Swali zuri mkuu na wataalamu wenyewe wamelipigania. Mwaka 2020 kundi la Pumera kule Prague walichukua grafini wakaichanganya na kinyesi cha ndege, kweli kabisa kinyesi cha ndege, na ikachochea mmenyuko kuliko grafini bila kinyesi. Walitaka kuonyesha kwamba ukichanganya karibu chochote kwenye grafini utapata namba nzuri zaidi, kwa hiyo namba kupanda peke yake haithibitishi kwamba umeelewa kitu. Na kabla ya hapo, 2006, ilionyeshwa kwamba nanotyubu zinazosifiwa kwa kupima peroksidi ya hidrojeni, kazi ilikuwa inafanywa na oksidi ya chuma, yaani mabaki ya kichocheo kilichotumika kuziotesha nanotyubu kiwandani.

Ila faida ipo. Kwenye elektrodi tupu vitamini C, asidi ya yuriki na parasetamoli vilele vyao vinavimbiana mpaka huoni mpaka. Kwenye nanotyubu vitamini C inaoksidishwa mapema sana, karibu na volti sifuri, yuriki inakuja kama 0.3, parasetamoli baada yake, unapata nafasi ya kuvitenganisha. Kwangu hiyo ni faida kubwa kuliko kimo cha kilele. Na dawa ikiwa kidogo sana, uwezo wa kuinatisha kwanza ndo unaokufikisha.

Gharama yake ni mkondo wa msingi, ule unaokuwepo hata bila dawa. Eneo la ndani ni kubwa sana, kila ukibadilisha volti ule uso wote unachajiwa, na mkondo wa kuchaji unakua sawasawa na spidi. Ndo maana MpimaMaji kama bado unatumia skani ya kawaida kwenye viwango vidogo, acha, nenda kwenye voltametria ya mapigo. Pale mashine inapiga pigo, inasubiri kidogo, ndo inasoma, na mkondo wa kuchaji unakuwa umeshakufa wakati wa kemia bado upo.

Risasi_na_Kadimi

Naingilia kidogo, mi wa metali nzito. Kwetu huku nyenzo iliyobadilisha maisha haikuwa ya kifahari, ilikuwa bismathi, mwaka 2000 Wang na wenzake walipoonyesha kwamba tabaka la bismathi linaweza kuchukua nafasi ya zebaki. Unaweka ioni za bismathi humo humo kwenye sampuli, bafa ya asetati pH 4.5, unashikilia volti kama hasi 1.2 kwa dakika 2, bismathi na risasi na kadimi vinajipaka pamoja, halafu unapandisha volti na kila metali inatoka kwa zamu yake, kadimi kwanza, risasi baadaye. WHO inataka risasi isizidi maikrogramu 10 kwa lita na kadimi 3, na njia hii inafika huko bila shida kwenye maji masafi.

Kwenye maji machafu tunateseka kama wewe. Shaba ikiwepo inagombania nafasi na bismathi, na risasi nyingi imeshikwa na mabaki ya mimea yaliyoyeyuka majini, elektrodi haiioni mpaka umeivunja sampuli kwa asidi. Kwa hiyo usidhani ni nanotyubu zako tu.

MwanaMaabara

Hapo ndipo nilipotaka kuingia, kwenye maji yenyewe. Mdogo wangu MpimaMaji, shida yako ya 11 badala ya 20 haitaondoka kwa kubadilisha nyenzo, nakuambia kama mtu aliyepima maji taka miaka mingi.

Ndani ya hayo maji kuna sabuni, kuna mafuta, kuna protini, kuna asidi za udongo, na vyote vinapenda karboni kama parasetamoli inavyoipenda. Vinakaa kwenye viti kabla ya mgeni wako kufika. Kila skani kilele kinashuka kwa sababu hiyo, na pia kwa sababu mazao ya fenoli (parasetamoli ni mojawapo) zikioksidishwa yanaungana yenyewe kwa yenyewe na kuacha utando kwenye uso. Kwa hiyo kalibresheni uliyochora kwenye bafa safi haihusu maji hayo. Ni mstari wa nchi nyingine.

Fanya hivi. Changanya sampuli nusu kwa nusu na bafa yenye nguvu, mola 0.2, ili pH iwe ile ile kila mara, maana kwa elektroni 2 na protoni 2 kilele kinahama karibu milivolti 59 kwa kila pH moja, na ukihama unakutana na jirani. Alafu tumia njia ya kuongeza: pima sampuli, ongeza kiasi kidogo unachokijua cha parasetamoli, pima, ongeza tena, pima, angalau mara tatu ndani ya chombo hicho hicho. Chora mstari, urudishe nyuma mpaka ukate mhimili, hapo ndo kiasi chako. Kwa njia hiyo uvivu wa elektrodi unahesabiwa ndani yake.

Ila sikiliza hapa vizuri kwa sababu watu wanakosea: njia ya kuongeza inatibu mwinamo uliolegea tu. Kama yule mwenzake aliyejificha kushoto anachangia mkondo, njia hiyo haimuondoi, itakupa jibu kubwa kuliko ukweli na mstari utanyooka vizuri tu. Kwa hiyo huyo mshughulikie kwa kumtenganisha. Weka yuriki kidogo makusudi kwenye bafa uone kama inatua pale pale.

Na kitu cha mwisho ambacho hakuna aliyekitaja. Mtu akimeza parasetamoli, chini ya asilimia 5 hivi ndo inatoka kwenye mkojo ikiwa parasetamoli. Iliyobaki ini limeifunga, nyingi kwa glukuronidi na salfeti, na imefungwa pale pale kwenye kile kikundi cha hidroksili ambacho elektrodi yako inakihitaji. Elektrodi haiioni kwenye volti hizo. Sasa kwenye mabomba bakteria wana vimeng'enya vya kukata ile glukuronidi, dawa inarudi kuwa huru. Maana yake sampuli uliyoiacha mezani mchana mzima inaweza kusoma tofauti na iliyochukuliwa sasa hivi, na wala si kosa la tabaka. Chuja mapema, weka kwenye baridi, pima siku hiyo hiyo, na nusu ya sampuli ipeleke kwa wenye kromatografia ya kimiminika wakulinganishie.

MpimaMaji

Wakuu nimerudi, ni siku tisa. Nimefanya karibu yote, naweka hapa kama mlivyonisaidia.

Pete ipo. Nimeiangalia kwa kioo, nyeusi pembeni, katikati karibu hakuna kitu, na wino umetambaa juu ya plastiki kama milimita moja kuzunguka. Nimehamia maikrolita 3 chini ya bika. Elektrodi tano za wino mmoja sasa zinapishana asilimia 8, zamani nilikuwa sijui hata kuipima.

Kipimo cha kusuuza kilininyamazisha. Nilisuuza vizuri, nikaenda bafa safi, kilele cha parasetamoli kikabaki pale pale, zaidi ya theluthi ya kile cha mwanzo. Logi kwa logi ikatoa 0.86. Kwa hiyo wiki tatu nilikuwa napima dawa iliyonata, na kila sampuli ilikuwa inabeba mabaki ya iliyotangulia. Sasa nakoroga dakika 2 kwa saa ya ukutani, na kati ya sampuli napiga skani kwenye bafa safi mpaka kilele kife, kwa kawaida mara 6 hadi 8.

Yuriki niliyoiweka makusudi imetua pale pale kwenye uvimbe wa kushoto. Kwa voltametria ya mapigo vimeachana, kuna bonde katikati japo halifiki chini kabisa.

Kwa kuongeza mara tatu, ile 20 sasa inasoma 18.6, na sampuli ya pili niliyoiwekea 20 vile vile inasoma 21.9. Nanomola 5 nimeifuta. Kiwango cha chini nilichokiona kwa macho ni maikromola 0.2, ambayo ni kama maikrogramu 30 kwa lita.

MwanaMaabara

Vizuri sana, hiyo 0.2 uliyoiona naiheshimu kuliko ile 5. Lakini 21.9 inaniambia yuriki bado inachangia kidogo, au kulikuwa na parasetamoli humo kabla hujaongeza yako. Je ulipima yale maji bila kuongeza chochote?

MpimaMaji

Sikupima. Nilichukulia kuwa ni sifuri. Nina chupa ya sampuli ile ile kwenye friza tangu siku ile ile, naitoa kesho asubuhi.

FundiKioo

Itoe, iache iyeyuke yote na uitikise vizuri kabla ya kuchota, barafu ikiyeyuka nusu juu yanakuwa maji na chini yanakuwa mengine. Na sugua upya elektrodi kabla.